Singin' in the Rain: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu ya mvua na sauti ya kuazima

Kila ninapomshawishi mtu aitazame filamu hii, maswali yanayorudi ni yaleyale. Mengine huja kabla ya kutazama, mengine usiku wa manane baada ya filamu kwisha, mtu akiwa bado anaimba jikoni. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu.

Ni filamu ya nini hasa?

Ni filamu ya muziki na vichekesho iliyotengenezwa na studio ya MGM huko Hollywood na kutoka mwaka 1952. Ina rangi, na urefu wake ni dakika 103. Iliongozwa na watu wawili: Gene Kelly, ambaye pia ndiye steringi, na Stanley Donen, kijana aliyekuwa na miaka 27 walipokuwa wakiirekodi. Skripti iliandikwa na Betty Comden na Adolph Green. Prodyuza alikuwa Arthur Freed.

Hadithi yenyewe inatokea mwaka 1927. Don Lockwood (Gene Kelly) na Lina Lamont (Jean Hagen) ni waigizaji wakubwa wa filamu bubu. Mashabiki wanaamini wawili hawa ni wapenzi, na Lina naye amesoma magazeti mpaka ameamini. Mara inaingia filamu ya kwanza yenye watu wanaozungumza, watu wanafurika, na mwenye studio anaamuru ile waliyokuwa wakiitengeneza igeuzwe iwe ya sauti. Hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu Lina ana uso wa malkia na sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Rafiki wa Don, mpiga piano Cosmo Brown (Donald O'Connor), anapata wazo: Kathy Selden (Debbie Reynolds), binti mwenye sauti nzuri ambaye Don amempenda, azungumze na kuimba kwa siri, Lina awe anafumbua mdomo tu.

Mbona watu wanaanza kuimba ghafla?

Aliyekulia pwani akitazama filamu za Kihindi hatauliza swali hili. Kule Mombasa waimbaji wa taarabu, kina Juma Bhalo, walichukua tuni za filamu hizo wakazitia maneno ya Kiswahili, na watu waliozipenda hawakuhitaji kuelezwa kwa nini mtu aliyependa anaimba.

Lakini tazama pia wimbo unaingia wapi. Cosmo anaimba "Make 'Em Laugh" kwa sababu rafiki yake amekata tamaa na maneno ya kawaida yamekwisha. "Good Morning" inaimbwa saa saba na nusu usiku, watatu hao wakiwa nyumbani kwa Don, wamechoka, filamu yao imechekwa na watu, na dakika hiyohiyo wamegundua namna ya kuiokoa. Furaha ya namna ile huwezi kuikalia kitini. Wanapita jikoni, wanapanda ngazi, wanachezea makoti ya mvua, na mwisho wanaangusha sofa kwa kulikanyaga mgongoni wote watatu kwa pamoja.

Ni kweli nyimbo zilikuwa za zamani?

Karibu zote. Kabla hajawa prodyuza, Arthur Freed alikuwa mtunzi wa mashairi ya nyimbo, na tuni alitungiwa na Nacio Herb Brown. Alitaka filamu itakayobeba nyimbo zao wawili. Comden na Green walikabidhiwa rundo la nyimbo wakaambiwa waandike hadithi. Ni kama fundi cherehani kupewa vipande vya kanga tofauti na kuambiwa ashone gauni moja, na mshono usionekane.

Walichogundua ni kwamba nyimbo nyingi zilitoka miaka ileile sauti ilipoingia kwenye sinema. Wimbo uliobeba jina la filamu ulisikika katika The Hollywood Revue of 1929. Basi wakaamua hadithi irudi huko nyimbo zilikozaliwa. Ndiyo maana hakuna wimbo unaokaa kama mgeni.

Nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya filamu hii ni mbili. Moja ni "Moses Supposes", ule wa darasa la matamshi, ambapo Don na Cosmo wanamzungukia mwalimu mpaka wanamfunika vitu vyote vya chumbani. Wa pili ni "Make 'Em Laugh", na huo unafanana mno na "Be a Clown" wa mtunzi Cole Porter, ulioimbwa katika filamu nyingine ya Freed na Kelly ya mwaka 1948. Sikiliza zote mbili utaamua mwenyewe.

Kipande cha mvua kina nini hata kikumbukwe hivyo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Don amemsindikiza Kathy mpaka mlangoni. Amembusu. Mvua inanyesha, gari linamsubiri, naye analipungia mkono liondoke. Anaanza kutembea huku anavuma wimbo puani, bila maneno, kama mtu yeyote aliye peke yake njiani. Mwavuli uko wazi. Baada ya hatua chache anaufunga. Kila kitu kinaanzia kwenye mwavuli ule unaofungwa: mtu ana kinga mkononi na ameamua kulowa.

Kisha anarukia nguzo ya taa, anaikumbatia, anaegemeza shavu kama amepata ndugu. Anasimama chini ya bomba linalomwaga maji ya paa na kuyaacha yampige usoni. Anatembea mguu mmoja juu ya ukingo wa barabara, mwingine ndani ya maji, kama tulivyokuwa tukifanya tukitoka shule. Halafu kamera inapanda juu, muziki unafunguka wote, naye anazunguka barabara nzima akiwa ameushika mwavuli kwa mkono ulionyooka. Ukifika hapo, hesabu ni mara ngapi picha imekatwa. Ni chache sana. Unamwona mwili mzima, kuanzia kofia mpaka viatu, kwa muda mrefu. Hakuna mahali pa kujificha kosa.

Mwisho anarudi kuwa mtoto: anaruka juu ya madimbwi kwa miguu miwili, maji yanaruka kila upande. Askari anatokea nyuma yake na kumtazama tu. Don anajiweka sawa, anajieleza kwa mstari mmoja wa wimbo, anaondoka, na njiani anampa mpita njia mwavuli wake. Yule bwana anaufungua haraka na kukimbia nao.

Madimbwi yale hayakutokea yenyewe. Yalichimbwa barabarani mahali hasa ambapo mguu wa Kelly ungetua, na barabara ile, iliyokuwa ndani ya eneo la studio, ilifunikwa kwa maturubai ili mchana ufanane na usiku. Kila tone limepangwa, na bado ukitazama unaona mtu aliyejisahau. Kwangu mimi utamu wa filamu hii nzima uko hapo: jasho limefichwa vizuri hata ikabaki furaha peke yake.

Ni kweli walichanganya maziwa kwenye maji ili mvua ionekane?

Hapana. Ni hadithi tamu inayopenda kurudiwa. Mvua ilionekana kwa sababu ya taa: mpiga picha Harold Rosson aliweka mwanga nyuma ya maji, na tone lenye mwanga nyuma yake hung'aa. Jaribu usiku chini ya taa ya barabarani utaona.

Na homa?

Ya homa ni kweli. Gene Kelly alirekodi kipande hicho akiwa na homa iliyozidi nyuzi 39, ndani ya suti ya sufu iliyolowa chapa. Rudi utazame tena ukijua hivyo, na utafute uso wa mgonjwa. Mimi nimetafuta mara nyingi, sijawahi kuuona.

Debbie Reynolds alikuwa mchezaji dansi?

Hakuwa. Alikuwa na miaka 19, amezoea mazoezi ya viungo, na akawekwa katikati ya wanaume wawili waliocheza jukwaani tangu utotoni. Aina ya dansi waliyocheza ni ile ya viatu vilivyopigiliwa vibati vya chuma, ambapo mguu unapiga sakafu kama ngoma. Ukichelewa nusu ya pigo, si macho tu, hata masikio yanakukamata.

Kelly alikuwa mkali kwake, na mwenyewe alikiri baadaye. Reynolds alisimulia kwamba siku moja alijificha chini ya piano akilia, na aliyemkuta pale alikuwa Fred Astaire, bingwa wa dansi, aliyekuwa akifanya mazoezi katika studio hiyohiyo. Astaire akamruhusu aje kumtazama yeye akifanya mazoezi, aone kwamba hata bingwa hukosea, hutoa jasho na kukasirika. Kurekodi "Good Morning" kuliwachukua tangu asubuhi mpaka usiku, na Reynolds alimaliza miguu ikivuja damu. Alikuwa akisema kwamba mambo mawili magumu kuliko yote maishani mwake yalikuwa filamu hii na kujifungua.

Sisemi haya ili kuusifu ukali ule. Binti wa miaka 19 hakustahili kufika chini ya piano. Nasema ili umtazame vizuri katika "Good Morning": yuko katikati, hatua zake zinalingana na zao, na tabasamu lake halitetereki hata mara moja.

Yule anayepanda ukuta anafanyaje?

Huyo ni Cosmo katika "Make 'Em Laugh", na anafanya kwa miguu yake mwenyewe. Donald O'Connor alitoka katika familia ya wasanii wa majukwaani, na kupanda ukuta na kujipindua nyuma kulikuwa mchezo wake wa zamani. Anapanda wa kwanza, anapinduka. Anapanda wa pili, anapinduka. Wa tatu ni wa karatasi, na anaupasua na kutokea upande wa pili. Kabla ya hapo amepigana na kidoli kisicho na kichwa kwenye sofa mpaka unakihurumia kidoli.

Mwenyewe alisimulia kwamba baada ya kurekodi alilala kitandani siku kadhaa kwa uchovu, na aliporudi akaambiwa picha zile zimeharibika, hivyo arudie. Akarudia.

Kwa nini Lina anachekesha kiasi kile?

Kwa sababu Jean Hagen alikuwa mwigizaji mwenye akili sana. Tazama mwanzo wa filamu: nje ya ukumbi, mashabiki wakipiga kelele, Don anahojiwa, na kila Lina anapotaka kusema neno, Don analichukua. Wakati huohuo Don anawaeleza watu jinsi alivyolelewa kwa heshima na sanaa ya hali ya juu, huku picha zinatuonyesha ukweli: watoto wawili wakicheza dansi kwenye vilabu vya pombe kuokota senti. Tunacheka, tunasahau kwamba hatujamsikia Lina. Anapokuja kufumbua mdomo nyuma ya jukwaa, sauti ile inakupiga kama mlango uliofungwa kwa nguvu.

Ndipo inakuja siku ya kurekodi sauti. Maikrofoni inafichwa kwenye kichaka cha maua, naye akigeuza kichwa maneno yanapotea na kurudi. Wanaihamishia kifuani, na kinachosikika ni mapigo ya moyo wake. Wanaiweka begani, waya unapita ndani ya gauni, na mwenye studio akiingia anauona waya sakafuni, anadhani ni hatari, anauvuta. Lina anaondoka na waya.

Jambo linalonigusa ni kwamba Lina si mjinga, ingawa watu wote humwita hivyo. Amesoma mkataba wake, anajua haki zake, na anapogundua siri anaibana studio nzima kwa sheria. Ni mtu ambaye dunia ilimpenda akiwa kimya. Anatenda ubaya, ndiyo, lakini hofu yake ninaielewa.

Mambo ya sauti kugoma yalitokea kweli?

Yalitokea. The Jazz Singer ya Warner Bros. ilitoka Oktoba 1927, na mfumo wake ulikuwa wa kupiga sauti kwa santuri sambamba na mashine ya picha. Sindano ikiruka, au filamu ikikatika na kuungwa vibaya, mdomo na neno vinaachana. Ndicho kinachotokea filamu ya Don na Lina inapoonyeshwa kwa majaribio: Lina anatikisa kichwa kukataa, na inatoka sauti nzito ya mwanamume ikisema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Adui wa kwenye hadithi yao anakubali kwa kichwa, na inatoka sauti ya Lina ikisema hapana, hapana, hapana.

Hata kile kibanda wanachofungiwa mpiga picha na kamera yake ni cha kweli. Kamera za wakati ule zilikuwa na kelele, hivyo zilifungiwa. Comden na Green walizungumza na watu wa studio walioyaona hayo kwa macho, na mbunifu wa mavazi Walter Plunkett alikuwa amefanya kazi Hollywood tangu miaka ileile ya 1920. Waliyoyacheka waliyajua.

Nani aliimba kweli?

Keti vizuri.

Ndani ya hadithi, Kathy anamkopesha Lina sauti. Tunamwona Kathy mbele ya maikrofoni akisema maneno ya Lina kwa sauti laini ya kistaarabu. Sauti ile unayoisikia si ya Debbie Reynolds. Ni ya Jean Hagen mwenyewe, sauti yake ya kawaida, nzito na nzuri, ambayo ilionekana kufaa zaidi. Yaani Hagen anamwazima Reynolds sauti ili Reynolds aigize anamwazima Hagen.

Halafu unakuja wimbo "Would You?". Kathy anaimba, picha inabadilika, sasa Lina yuko kwenye filamu akiimba kwa sauti ya Kathy. Na hiyo nayo si ya Reynolds. Ni ya mwimbaji aliyeitwa Betty Noyes. Jina lake halimo kwenye orodha ya majina ya filamu. Noyes ndiye pia aliyeimba "Baby Mine" katika Dumbo ya mwaka 1941, wimbo wa mama tembo, na huko pia hakutajwa.

Watazamaji wetu wanayajua mambo ya waimbaji wa pazia kupitia filamu za Kihindi, ambako Lata Mangeshkar alikuwa na jina kubwa kuliko wengi waliofumbua midomo. Lakini hata yeye alianzia kivulini: santuri za kwanza za wimbo wake wa filamu ya Mahal, mwaka 1949, zilibandikwa jina la mhusika wa kwenye hadithi. Wasikilizaji wa redio ndio waliouliza, huyu anayeimba ni nani?

Kwa hiyo tunapofika mwisho, pazia linapovutwa kwa kamba na ukumbi mzima unamwona Kathy nyuma ya Lina, akiimba wimbo ambao watu walidhani ni wa mwingine, mimi huwa na furaha na donge kooni kwa pamoja. Kathy anakimbia kwa aibu, Don anawaomba watu wamzuie, anawaambia huyu ndiye mliyemsikia na kumpenda usiku huu. Ni sini nzuri mno. Na Betty Noyes naye alistahili kamba yake ivutwe.

Kile kipande kirefu cha dansi kabla ya mwisho ni cha nini?

Don anamweleza mwenye studio wazo la wimbo mmoja, na sisi tunapelekwa kwenye hadithi nyingine kabisa ya kijana anayefika Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho huko New York, kutafuta kazi. Kinakaribia robo saa. Kwa maoni yangu kinaisimamisha filamu, maana tulikuwa tumemshikia Kathy roho na sasa tunaambiwa tusubiri. Ila usikirushe, kwa sababu ya mchezaji dansi Cyd Charisse. Hasemi neno hata moja. Anaonekana mguu kwanza, umenyooka, kofia ya Kelly ikining'inia kwenye ncha ya kiatu, na kwa dakika zinazofuata hutakumbuka ulikuwa unasubiri nini.

Ilishinda Oscar ngapi?

Hata moja. Iliteuliwa mara mbili: Jean Hagen kama mwigizaji msaidizi, na Lennie Hayton kwa muziki. Donald O'Connor alipata Golden Globe. Filamu ya Kelly iliyotangulia, An American in Paris, ndiyo iliyokuwa imetoka kubeba Oscar ya filamu bora. Heshima ya hii ilikuja polepole. Mwaka 1989 iliwekwa katika kundi la kwanza la filamu 25 za hazina ya taifa ya Marekani, mwaka 2006 taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, iliitaja ya kwanza kati ya filamu zote za muziki za nchi hiyo, na katika kura ya jarida la Sight and Sound ya mwaka 2022 wachambuzi waliiweka ya 10 duniani.

Nitafute iliyotiwa sauti ya mtafsiri, au yenye maandishi?

Yenye maandishi chini, tafadhali. Ninawapenda watafsiri wetu wa vibanda umiza na nimecheka nao sana, lakini hapa kichekesho ni sauti yenyewe. Mtu akizungumza juu ya Lina, umebaki na nusu ya filamu. Ukiweza, tumia spika nzuri au visikilizi, ili viatu vyao uvisikie vikigonga.

Watoto wanaweza kutazama?

Ndiyo. Mpwa wangu wa miaka saba hakuelewa mambo ya mikataba, lakini ukuta wa karatasi ulirudishwa nyuma mara nne kwa amri yake. Sofa pia. Ziondoe karibu fanicha unazozithamini.

Nikimaliza, nifuate ipi?

The Band Wagon ya mwaka 1953. Ni ya prodyuza yuleyule na waandishi walewale, Cyd Charisse yumo, na safari hii yuko na Fred Astaire, yule yule wa kwenye piano. Halafu rudi nyuma utazame On the Town ya mwaka 1949, ambako Kelly na Donen walianza kuongoza pamoja, mabaharia watatu wakiwa na saa 24 za kuumaliza mji wa New York.